Seti ya kuvulia papa ufukweni: inafaa kwa sangara wa Mwanza?

Ziwa Victoria halina papa. Lakini seti za kuvulia papa kutoka nchi kavu zinafika Mwanza: begi refu lenye fimbo ya mita 3.9 ya vipande vitatu, rili ya namba 8000, uzi wa kusukwa mita 300, nyaya fupi zenye ndoana kubwa, vizito vya risasi vyenye miguu ya waya, na bomba la kuchomeka fimbo mchangani. Anayeinunua huku mara nyingi anataka kuanza kuvua sangara bila mtumbwi. Kwa kazi hiyo, fimbo na rili vinastahili pesa yake. Vinavyokaa mwisho wa mshipi ndivyo vya kubadilisha kabla hujarusha hata mara moja.

Sababu iko kwenye mwili wa samaki. Papa ana meno ya kukata na ngozi inayokwaruza kama msasa, ndiyo maana anavuliwa kwa waya karibu na ndoana, na nyuma ya waya nailoni nene iliyo ndefu kuliko samaki mwenyewe. Sangara hana meno ya kukata. Yake ni madogo, mengi, yamesongamana. Yanashika na kukwaruza, basi. Kinachomkatia mvuvi mshipi ni kifuniko cha shavu, ambacho ukingo wake una miiba mikali, na samaki huyu akifika juu hutikisa kichwa kwa nguvu, mshipi ukipita hapo kila anapogeuka. Waya hausaidii sana. Unamfanya chambo hai aogelee kwa taabu, na ukijikunja mara moja pale ulipokunjwa ndipo utakapokatikia. Weka badala yake nailoni ya unene wa milimita 0.9 hadi 1.0, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Ipitishe katikati ya vidole kila baada ya samaki; ukisikia mkwaruzo, kata kipande hicho ufunge upya.

Nyaya usizitupe. Ukiweka kipande cha samaki chini kabisa, karibu na matete, anaweza kuja kamongo, na huyo ana mabamba ya meno yanayoponda konokono. Nailoni anaikata, na kidole pia. Kwake waya una kazi.

Ndoana za kwenye begi ni za duara, namba 10/0. Umbo ni zuri, ukubwa umezidi. Kwa chambo cha furu, samaki mdogo wa ziwani, wa sentimita 10 au 12 chukua 5/0 au 6/0. Hapa wanaoanza huchanganyikiwa dukani, kwa sababu ndoana za wavuvi wa ziwani zinahesabiwa kinyume: namba 8 ni kubwa kuliko namba 12, wakati zenye alama ya sifuri zinakua kadiri namba inavyopanda. Usinunue kwa kusikia namba, iangalie ndoana yenyewe. Mchome furu kwenye midomo yote miwili kama unarusha mbali, au mgongoni nyuma ya pezi kama unamshusha karibu na mawe, na ncha ya ndoana ibaki wazi. Samaki akichukua, usivute kwa kushtuka kama unavyofanya na ndoana ya kawaida. Acha akimbie, funga rili, kaza polepole. Ndoana ya duara hujigeuza yenyewe ikashika pembeni mwa mdomo. Ukiishtua unaitoa mdomoni.

Sasa rili, na hapa ndipo seti nyingi nzuri zinapolaumiwa bure. Uzi wa kusukwa ukifungwa moja kwa moja kwenye bobini ya chuma unateleza. Samaki anavuta, bobini haizunguki, uzi wote unazunguka juu yake, na mtu anasema breki imekufa. Anza na mizunguko kumi au zaidi ya nailoni ya kawaida, kisha unganisha uzi wa kusukwa. Ukunje ukiwa umebanwa kwa kitambaa kilicholowa, ukaze vizuri, uishie milimita mbili au tatu chini ya ukingo. Ukijaza kupita hapo, au ukikunja umelegea, mrusho wa kwanza wenye upepo utatoa fundo kubwa ambalo halifunguki.

Kuunganisha uzi na nailoni ya mbele, funga mafundo mawili yanayokutana: mizunguko minane upande wa uzi, minne upande wa nailoni. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika papo hapo, na hutaona kitu mpaka siku ya samaki mkubwa.

Breki isipimwe kwa kubahatisha. Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, funga mwisho wa mshipi kwenye kulabu yake, pitisha mshipi kwenye pete zote za fimbo, na mtu avute fimbo ikiwa imeinama. Kwa uzi wa kilo 23, breki ianze kuachia kati ya kilo 5 na 7, ambayo ni karibu robo ya nguvu ya uzi au zaidi kidogo. Juu ya jiwe lenye utelezi, kilo 7 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Wanaoikaza hadi mwisho ndio wanaopoteza samaki, na wakati mwingine fimbo.

Risasi zenye miguu zimetengenezwa kushika mchanga wa baharini. Kwenye fukwe za mchanga zinafanya kazi yake sawasawa. Kwenye mawe ya Capri Point au Bwiru zinanasa karibu kila mara. Huko tumia jiwe la gramu 80 hadi 120 lililofungwa kwa uzi dhaifu wa kushonea, ili likinasa likatike peke yake, mshipi na samaki vibaki. Ni bei nafuu, na hutaacha madini ya risasi ziwani. Fimbo imeandikwa gramu 100 hadi 250, kwa hiyo ni ngumu kidogo kwa uzito huo. Rusha kwa mzunguko mpana wa taratibu, la sivyo furu atachomoka hewani kabla hajagusa maji.

Urefu wa fimbo ni faida halisi. Unaupitisha mshipi juu ya mawe ya mbele na ukingo wa magugu maji, jambo ambalo fimbo ya mita mbili haiwezi. Bomba la kuchomeka, kwa upande mwingine, halina maana kwenye mwamba. Bana kitako cha fimbo kwenye ufa, kifunge kwa kamba kwenye jiwe, na ulegeze breki hadi ushike fimbo mkononi.

Saa nzuri ni jioni giza likianza na alfajiri kabla ya jua, maana mchana upepo wa ziwani huinua mawimbi na kusukuma magugu ukingoni. Saa hizo hizo ni za mamba na kiboko. Uliza wenyeji wa mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, kabla ya kukaa mahali, kaa juu ya maji, usioshe samaki ukiwa umechutama ukingoni. Wala usiingie majini kunasua ndoana: maji tulivu yenye majani yana kichocho, na ndoana moja haistahili kukupa ugonjwa huo.

Kulabu ya kupandishia samaki, kama imo kwenye begi, iache nyumbani mpaka uwe na uzoefu. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na ukishamchoma kulabu huwezi kumrudisha mzima. Vaa glavu, mshike taya la chini kwa kidole gumba, jihadhari na miiba ya pezi la mgongoni na ukingo wa shavu. Chora alama ya sentimita 50 kwenye kitako cha fimbo kwa rangi isiyofutika, umpime akiwa bado amelowa. Kuhusu leseni, ulizia ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Kwa visiwa vya Saanane na Rubondo, ambavyo ni hifadhi za taifa, utaratibu ni wa TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi hizo.

Kabla ya kulipa, unganisha vipande vyote vitatu dukani uvitazame kwa mstari: pete zote zinyooke. Pitisha pamba ndani ya kila pete; ikiacha nyuzi, pete ina ufa, na uzi wa kusukwa utakatikia hapo. Zungusha mkono wa rili pole pole ukisikiliza, kisha fungua na kufunga waya wa bobini, ule unaoushika uzi wakati wa kukunja, mara kadhaa. Ukijifunga wenyewe katikati, omba nyingine.