Chambo cha polepole kwa nzi wa maembe: uzoefu wangu Malindi

Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikitumia vidonge vya chambo cha methili eujenoli, mafuta yanayowavuta nzi wa matunda, vinavyotoa harufu yake kidogo kidogo, katika shamba la maembe ya Ngowe na Apple lililo ng'ambo ya mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi. Maoni yangu ni kwamba vinastahili bei yake, ila muda wa matumizi unaoandikwa kwenye pakiti hauendani na joto la huku kwetu. Jina la biashara sitalitaja, kwa kuwa vidonge vya aina hii hutengenezwa na zaidi ya kampuni moja na hayo nitakayoyaeleza yanahusu aina yenyewe.

Adui ni nzi wa matunda anayeitwa kitaalamu Bactrocera dorsalis, ambaye asili yake ni Asia na ambaye aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, kwanza huku Pwani. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani, mabuu hula nyama ya tunda, na mnunuzi hujua habari hiyo baada ya kulikata. Ni nzi huyu aliyeifanya Kenya isimamishe yenyewe usafirishaji wa maembe kwenda Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi mwaka 2021. Mkulima mdogo wa Magarini huenda hakuwahi kuuza Ulaya, lakini dalali anayefika shambani na lori hukataa maembe yenye alama za kutobolewa vilevile.

Methili eujenoli ni mafuta yenye harufu inayokaribia ya karafuu, na hupatikana kiasili katika mimea mingi, rehani ikiwa mmojawapo. Madume ya nzi huyu huyapenda kupita kiasi. Awali tuliyatumia yakiwa maji: unalowesha pamba, unaitundika ndani ya mtego, basi. Ubaya wake ni ule wa udi uliotiwa kwenye chetezo chenye makaa mengi, ambao hunukiza nyumba nzima kwa kitambo kisha hausikiki tena. Wakati wa kaskazi, pamba ilikauka mapema mno, na kila ilipoloweshwa upya matone yalidondokea nje ya mtego, nzi wakakusanyika nje ya chupa badala ya kuingia ndani.

Katika kidonge, mafuta hayo yamefungiwa ndani ya polima ngumu, yaani kitu cha jamii ya plastiki, hivyo hayawezi kuruka hewani mpaka yasafiri kutoka ndani hadi kwenye uso wa kidonge. Yaliyo karibu na uso hutoka kwanza, na ya katikati huwa na safari ndefu zaidi. Ndiyo maana kidonge kipya hunukia kwa nguvu siku za mwanzo, kisha kasi hupungua na kuendelea kupungua taratibu kwa wiki nyingi. Zipo aina nyingine ambazo mafuta huwekwa katika kifuko chenye utando, na hizo hutoa harufu kwa kiwango kinachokaribia kuwa kilekile tangu mwanzo hadi yanapokaribia kwisha. Zote mbili zinatawaliwa na joto. Kadiri hewa inavyopata moto ndivyo mafuta yanavyosafiri na kuruka upesi, na Malindi mwezi wa Februari na Machi nyuzi 30 ni jambo la kila mchana. Kwa hiyo ule muda wa pakiti mimi huupunguza kwa karibu theluthi moja msimu wa kaskazi, na huufuata kama ulivyo wakati wa kusi, pepo zinapopoa. Mtego huutundika kwenye kivuli cha matawi, upande upepo unakotokea, ili harufu ipite katikati ya shamba kabla ya kutoka.

Jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote kwenye pakiti ni kwamba ndani ya mtego mmoja mna bidhaa mbili za kutoa polepole, na hazimaliziki kwa wakati mmoja. Chambo huita, lakini kinachoua ni kipande cha plastiki kilichochanganywa na diklorovosi, kiuatilifu kinachotoka kama mvuke. Msimu mmoja wa joto niliona idadi ya nzi waliokufa ikishuka na nikadhani wamepungua shambani. Nilisimama kando ya mtego asubuhi nikiwatazama: wanaingia tunduni, wanatua juu ya kidonge, wanalamba kwa utulivu, kisha wanatoka zao wazima. Chambo kilikuwa hai na dawa imekwisha. Tangu hapo vitu hivi viwili navibadilisha kwa ratiba tofauti, na nadhani mtengenezaji anayeviuza kwa pakiti moja anapaswa kulisema hilo waziwazi.

Kuna na majimoto. Siafu hawa wekundu wanaojenga viota kwa majani hushuka kwenye waya wa mtego na kubeba mizoga ya nzi, hivyo hesabu yako hupotea. Grisi kidogo kwenye waya huwazuia. Msiwaue, kwa kuwa wenyewe huwafukuza nzi na wadudu wengine mtini bila malipo. Waya pia uwe wa kupakwa plastiki, maana hewa ya chumvi huula wa kawaida upesi.

Nisiifanye bidhaa hii kuwa zaidi ya ilivyo. Chambo hiki hunasa madume tu, na dume mmoja aliyesalia anaweza kupanda majike wengi, kwa hiyo mtego mmoja mmoja hukupa taarifa zaidi kuliko ulinzi. Mwaka 1965 iliripotiwa kwamba nzi huyu alitokomezwa katika kisiwa cha Rota, Bahari ya Pasifiki, kwa vipande vya ubao laini vilivyoloweshwa methili eujenoli na kiuatilifu na kudondoshwa kwa ndege. Lakini kile ni kisiwa, na kazi ilifanywa kila mahali kwa pamoja. Hapa, jirani asipotega na asipookota maembe yaliyoanguka, nzi wake watakuwa wangu. Kwangu maembe yaliyooza hufungwa katika mifuko myeusi na kuachwa juani, au huzikwa kina cha nusu mita, na kwa majike nanyunyizia chambo cha protini sehemu chache za mti.

Muuzaji wangu amenishawishi mara nyingi ninunue pia kiuatilifu kilichofungwa katika vidonge vidogo mno visivyoonekana kwa macho, cha kunyunyizia mti mzima. Kwa kuta za nyumba dhidi ya mbu teknolojia hiyo imefanya kazi nzuri. Kwa mwembe wenye maua siitaki. Bidhaa ya mwanzo ya aina hiyo, Penncap-M ya Marekani katika miaka ya 1970, ililalamikiwa na wafugaji wa nyuki kwa sababu vidonge vyake vilikuwa na ukubwa wa chavua na nyuki walivibeba hadi mizingani. Sisi tunao majirani wenye mizinga. Kuhusu paklobutrazoli, inayomwagwa shinani ili mwembe utoe maua mapema, wauzaji huisifu kwamba nayo "inatoa polepole". Ukweli ni kwamba inadumu udongoni kwa sababu huchelewa kuoza, na usipopima kiasi utaukuta mti umedumaa msimu unaofuata.

Malalamiko yangu makubwa ni ya dukani. Kidonge huanza kupoteza mafuta tangu pakiti yake inapofunguliwa, ilhali duka moja la pembejeo lilikuwa likizifungua na kuuza kimoja kimoja kutoka kwenye mtungi uliowekwa dirishani penye jua. Nunua pakiti nzima iliyozibwa, tazama tarehe ya kutengenezwa, na hakikisha ina namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia viuatilifu nchini Kenya. Vaa glavu unapokitundika, na vinavyobaki vihifadhiwe mahali pa baridi mbali na chakula.