Harufu ya plastiki kwenye friji jipya: ununue nini, uache nini

Friji langu jipya lilipofikisha siku ya tatu, maji niliyoyalaza humo usiku kucha yalikuwa na ladha ya plastiki. Nikaenda kununua vifuko vitano vya mkaa wa kunasa harufu, vya kitani, vyenye vitanzi vya kutundikia. Wiki mbili zikapita. Harufu ya plastiki iko pale pale, na juu yake imeongezeka nyingine. Nikatoa kifuko kimoja, nikakisogeza puani: sabuni ya unga, ile yenye marashi. Ndipo nikakumbuka kwamba dukani vilikuwa vimetundikwa wazi, bila nailoni, juu kidogo ya rafu ya sabuni.

Hiyo ndiyo kasoro ambayo wanunuzi wengi hawaiangalii. Tunauliza uzito, tunauliza kama ni mkaa wa mianzi au wa vifuu vya nazi, lakini hatuulizi umefungwa vipi. Mkaa amilifu, yaani huu uliotengenezwa maalumu ili unase harufu, hauchagui cha kunasa. Gramu moja ina vitundu ambavyo ukivikunjua kuta zake unapata kama mita za mraba 1,000, yaani gramu saba zinakaribia uwanja wa mpira. Nafasi hiyo ikijaa, imejaa. Mkaa uliokaa miezi dukani ukivuta harufu za sabuni, ndara na dawa ya mbu, umeanza kuchoka kabla hujaulipia.

Utaambiwa uuanike juani, utakuwa mpya. Jua litakausha unyevu na kutoa harufu chache zilizoshika juu juu, basi. Viwandani, kuufufua mkaa sawasawa huhitaji tanuri la nyuzi zaidi ya 600 za Selsiasi.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa mkaa amilifu wa punje uliofungwa kwenye chupa yenye kifuniko cha kuzungusha. Wangu ni MatrixCarbon wa kampuni ya Seachem, na sifichi kwamba naupendelea. Umetengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki wa mapambo, kwa hiyo utaupata kwa wauza vifaa vya samaki, si kwenye rafu ya usafi. Naupenda kwa sababu chupa inafungika: natoa ninachohitaji, kinachobaki kinakaa salama. Namimina punje kavu kwenye sahani pana, tabaka jembamba, sahani moja kila rafu. Ukizirundika kwenye kikombe, za chini hazipati hewa.

Ila usianze na mkaa. Kuta za ndani za friji nyingi ni plastiki inayotokana na kemikali iitwayo stairini, na plastiki hutoa harufu haraka zaidi ikiwa na joto. Zima friji, lifute kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na marashi, pamoja na mikunjo ya mpira wa mlango, kisha liache wazi siku mbili tatu huku feni ikilipulizia. Hapo ndipo uliwashe na kuweka mkaa. Friji langu lilichukua siku kumi kwa njia hii, baada ya wiki nilizozipoteza na vile vifuko.

Nafasi ya pili ni bekingi soda, tena kwa masharti. Inafaa kwa harufu zenye asidi, kama maziwa yaliyochacha. Harufu ya plastiki si asidi, kwa hiyo kopo lililofunguliwa na kusahauliwa kwenye kona halitakusaidia sana. Kama tatizo lako ni chakula kilichoharibika, inunue. Na iwe bekingi soda, si bekingi poda.

Asidi ya sitriki, yaani asidi ya ndimu ya unga, naiweka ya tatu, si kwa friji bali kwa birika jipya la umeme linalonuka plastiki: kijiko kimoja, maji hadi alama ya juu, chemsha, acha nusu saa, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili tatu na kuyamwaga. Siki ni rahisi, lakini inaacha harufu yake, na kamwe usiichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana hutoa gesi ya sumu. Oveni mpya inayonuka haihitaji ununue chochote: fungua madirisha, iwashe tupu kwa nyuzi 200 na zaidi kwa saa nzima, mafuta ya kiwandani yaungue.

Dawa za kupuliza zenye marashi, usinunue. Vimashine vya kutoa gesi ya ozoni pia usinunue: ozoni huumiza mapafu na huweza kupasua vitu vya mpira.

Kinachoniuma ni bei. Nilipiga hesabu ya gramu kwa gramu: vile vifuko vyenye vitanzi vilinigharimu zaidi ya chupa, na havikuwa hata na tarehe ya kufungashwa. Tunalipia kitani. Nilikirudisha kile kifuko dukani, nikamwomba muuzaji akinuse mwenyewe. Akakinusa, akakubali kwamba ni sabuni. Nikamwomba anibadilishie kwa kilichofungwa kwenye nailoni. Akaniambia vyote huja vimefungwa, wao ndio huichana nailoni ili vitundikike vizuri.