Mlango Mmoja na Fundi wa Jirani: Nguo za Heshima za Kijana Anayekwenda Chuo

Mzazi au mlezi wa Mwanza ambaye kijana wake amepata nafasi ya chuo, na ambaye bado hajaamua amnunulie wapi nguo za heshima, namshauri aende kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, kisha atafute fundi cherehani mwenye mkono mzuri. Mwaka huu nilimpeleka mpwa wangu huko kabla hajaripoti chuoni Malimbe, na suti tuliyoipata ilikuwa bora kwa kitambaa na kwa ushonaji kuliko suti mpya tulizokuwa tumeziona katika maduka ya katikati ya mji, tena kwa fedha zisizofika nusu ya bei ya dukani.

Kwanza lazima ijulikane kinachotafutwa, kwa sababu sokoni nguo ni nyingi na kijana akiachwa achague kwa macho tu atarudi na kinachong'aa. Mwanafunzi wa chuo huhitaji nguo za heshima kwa mambo machache yanayojulikana: kuwasilisha kazi mbele ya darasa, mafunzo kwa vitendo katika ofisi za watu, ibada, harusi ya ndugu, msiba, na usaili mwaka wa mwisho. Mambo yote hayo yanatoshelezwa na suti moja ya bluu iliyokolea au ya kijivu. Suti nyeusi inayometameta ni ya ukumbini, na kijana aliyeivaa ofisini saa mbili asubuhi huonekana kama ametoka kwenye sherehe ya jana. Bluu iliyokolea ina faida nyingine kubwa, nayo ni kwamba huweza kutenganishwa: koti likavaliwa na suruali ya kadeti ya rangi ya udongo, na suruali yake ikavaliwa na shati jeupe bila koti, siku ambazo joto la mji huu halivumiliki. Kijana anayesomea udaktari kule Bugando atashinda ndani ya koti jeupe la hospitali, hivyo fedha yake iende zaidi kwenye mashati na viatu.

Tulipofika Mlango Mmoja muuzaji wa kwanza alitupokea kwa «Shikamoo mzee, karibu, makoti yameshuka leo,» na kweli belo lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo. Hapo ndipo ubora wa soko hili ulipo, maana mtu anayewahi hukuta makoti ya sufu nyepesi yaliyoshonwa kwa uangalifu na kuvaliwa kidogo, yakiwa yametundikwa kwenye henga moja na makoti ya poliesta yenye bei ileile. Tofauti husomwa kwenye lebo iliyoshonwa kwenye mfuko wa ndani wa kifuani. Sufu nyepesi hupitisha hewa na mikunjo yake hujinyoosha koti likitundikwa usiku mmoja, wakati poliesta hushika jasho na harufu, na pasi ikizidi moto huacha alama inayong'aa isiyoondoka tena.

Baada ya lebo, tazama mabega. Fundi anaweza kubana kiuno, kufupisha mikono na kupunguza urefu wa suruali, lakini bega la koti likiwa pana kupita bega la mvaaji, kulirekebisha ni kulifumua koti karibu lote, na mafundi wengi wa kweli watakuambia waziwazi uliache. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Mpwa wangu alilipenda koti moja la kijivu, zuri sana, ambalo bega lake lilining'inia kwa upana wa vidole viwili. Tukaliacha, tukachukua la bluu lililokaa sawasawa begani ingawa mikono yake ilikuwa mirefu. Koti na suruali yake tulivipata kwa shilingi 40,000 baada ya mazungumzo marefu.

Nieleze pia kwa nini sikumnunulia mpya. Kaka yake alinunuliwa suti mpya katika duka moja la mjini, kwa bei iliyozidi shilingi 150,000, na ilipofuliwa kwa maji mara ya kwanza kifua cha koti kilitoa mapovu kama ngozi iliyoungua. Sababu ni kwamba makoti ya bei ya kati hubandikwa kwa gundi kitambaa cha ndani kinachokipa kifua umbo, na gundi hafifu ikiachia, hakuna pasi itakayorudisha hali. Kabla ya kulipa, liwe jipya au la mtumba, finya kifua cha koti kati ya kola na mfuko na ujaribu kutenganisha tabaka za kitambaa. Ukihisi tabaka la katikati linacheza lenyewe, limeshonwa, na hilo litadumu. Ukihisi kitu kimoja kigumu, limegandishwa, kwa hiyo liepushwe na beseni la maji.

Fundi wa jirani tuliyempelekea suti anastahili sifa za pekee. Aliligeuza koti ndani nje na kuikagua bitana kabla ya kutaja bei, akampima kijana akiwa amevaa shati na viatu atakavyovivaa nalo, akafupisha mikono ili nchani pa mkono wa shati paonekane kidogo. Kwenye suruali alibana kiuno lakini hakukata kitambaa kilichozidi. Alikikunja ndani ya mshono wa nyuma, akasema kijana wa umri huu bado anajaza mwili na mwakani kiuno kitahitaji kuachiwa. Kwa kazi yote alichukua shilingi 15,000. Kasoro yake ni ahadi: aliyosema itakuwa tayari Alhamisi tuliipata Jumamosi jioni, kwa hiyo asipelekewe nguo na mtu anayesafiri keshokutwa.

Mashati yanataka uangalifu mdogo zaidi: mawili meupe na moja la samawati, yote ya pamba, yenye kola isiyochanika kwenye mkunjo na inayoruhusu vidole viwili shingoni ikifungwa. Tai moja isiyo na michoro inatosha. Kwa kijana Mwislamu, kanzu nyeupe safi pamoja na koti hilohilo la bluu ni vazi kamili la Ijumaa na la harusi. Soksi, fulana za ndani na nguo nyingine za ndani zinunuliwe mpya.

Kwenye viatu ndipo nalisifu soko kwa tahadhari. Ngozi ya mtumba mara nyingi ni nzuri, lakini soli laini za plastiki zilizokaa ghalani miaka mingi humeguka zikianza kutembezwa, na vyuo vingi hufunguliwa karibu na mvua za vuli. Kikunje kiatu katikati. Soli ikitoa nyufa ndogondogo, kirudishe. Kiatu cheusi cha kamba, chenye soli iliyoshonwa, kikipakwa dawa kila wiki, kitamfikisha kijana hadi mahafali.

Soko lenyewe halina pa kujaribia suruali wala kioo cha kueleweka, na kijana mnene au mrefu sana atahangaika kupata saizi yake. Huyo ni afadhali anunuliwe kitambaa na kushonewa. Wengine wote waende asubuhi, wakiwa wamevaa shati jembamba na kubeba futi ya fundi, na wajipe angalau wiki mbili kabla ya siku ya kuripoti.