Kozi ya mtandaoni ya walimu kupambana na uchovu wa kazi: maoni yangu

Walimu wenzangu mnaouliza kama hii kozi ya wiki nane inafaa, jibu ni ndiyo, tena jiungeni mapema, msisubiri mpaka mfike pale ambapo Jumapili jioni ikiingia tu moyo unaanza kwenda mbio.

Kwanza hawakuanza na zile za "jipe moyo mwalimu" tunazopewa kila semina. Wamefuata ule utaratibu alioanzisha Jon Kabat-Zinn kule Marekani mwaka 1979, wa kutulia na kuusikiliza mwili, wakachanganya na mambo ya darasani. Wakaeleza vizuri kwamba uchovu huu sio uvivu wala sio ugonjwa, WHO mwaka 2019 walisema ni hali inayoletwa na stresi ya kazini ya muda mrefu isiyodhibitiwa, na una dalili tatu: nguvu zinaisha, kazi inakutoka moyoni, halafu unajiona huna unachofanya cha maana. Hiyo ya pili ndo inatumaliza kimyakimya, unaanza kuona wanafunzi kero, unadhani roho yako imekuwa mbaya kumbe umechoka.

Zoezi la pumzi ndo limenikaa zaidi. Unasimama nje ya mlango wa darasa, unavuta hewa taratibu ukihesabu mpaka tano, unaitoa mpaka tano, dakika mbili tatu hivi, yaani mabega yanashuka yenyewe na unaingia kwa sauti yako ya kawaida. Lingine ni kukaza misuli na kuiachia, ngumi, mabega, taya, na mimi sikujua kabisa kama nasahihisha madaftari huku nimeuma meno hivyo. Pia kuna vikundi vidogo vya kuongea, hakuna anayekupa ushauri mpaka umalize, hii peke yake inatosha kulipia kozi.

Shida yangu ni moja, mzigo wa kazi wameupitia juu juu. Christina Maslach, mmoja wa waliotunga kipimo cha uchovu huu mwaka 1981, amesema miaka mingi kwamba tuangalie na mahali pa kazi, sio mtu peke yake, sasa mwalimu atavuta pumzi mpaka lini kama darasa limefurika, ripoti hazikwishi na hakuna anayemuuliza kuhusu ratiba yake?

Nawapa nyota nne. Waongeze kipindi cha wakuu wa shule, na kiwe cha lazima.