TAHADHARI: Kuna muuza pikipiki hapa Kisumu, mkimpa pesa mtalia

Watu wangu wa Kisumu, Maseno, Luanda mpaka huko Chavakali, kama kuna mtu anatafuta pikipiki ya kuanzia, zile ndogo za mtumba, soma hii kabla hujatuma hata shilingi. Niko na hasira mpaka mikono inatetemeka, na aibu pia iko, kwa sababu nusu yenu mliona ile picha nimekalia pikipiki ya Boxer nikicheka na mkaandika hongera. Hizo hongera mnaweza kuzichukua.

Si mnajua baada ya ile kazi ya Luanda nilikuwa nimechoka na mambo ya matatu. Leseni nilikuwa nayo tayari, A2 ya pikipiki, na pesa ya chama, kile cha kuchangiana kwa zamu, ndio ilikuwa imetoka, wale wa chama mnajua zamu yangu ilikuja na kelele gani. Mpya siwezi, bei yake mnaijua, nikaamua mtumba, Boxer 100, kitu chepesi, miguu yote miwili inafika chini, hata ikikuzimikia kwa bampu huanguki nayo. Nikaona tangazo, picha safi, elfu sitini na nane, ati mwenye mmoja tu, haijawahi kubeba boda, anauza juu ya karo. Karo, na ilikuwa Januari! Mzazi gani hapa hangeamini?

Na kabla mtu aniambie nilikuwa mjinga, ngoja nikueleze venye huyu mtu ako. Sio kijana wa kofia. Ni mzee wa makamo, shati imepigwa pasi, anaongea polepole, ananiita mdogo wangu tangu nishuke Kondele. Akanipeleka mpaka kwake, mama akaleta chai na mandazi, watoto wakanisalimia kwa mkono mmoja mmoja. Pikipiki iko hapo nje imeoshwa, kiti kina kava mpya, tairi zimepakwa ile dawa nyeusi. Akapiga kiki mara moja tu, ikawaka. Mara moja! Nikagusa injini nikapata iko moto, nikamuuliza, akasema ametoka kuitia petroli kwa sababu hawezi kumuita mgeni kutoka mbali aje akute tangi tupu. Sasa hapo utabishana na nini, hiyo si ni heshima?

Halafu akafanya kitu ndio kilinimaliza. Akachuchumaa kando ya cheni, akaniita, mdogo wangu njoo uone, wewe ni mgeni kwa hii kazi. Akaweka vidole viwili chini ya cheni, hapo katikati, akainua polepole, akasema ikicheza kiasi hiki ni sawa, ikilegea zaidi inaruka meno, ukiikaza sana inakula spoketi na beringi. Akachukua spana, akalegeza nati ya gurudumu la nyuma, akavuta cheni kidogo, akaangalia zile alama ndogo pande zote mbili zilingane ndio tairi isikae upande, akakaza, akajipangusa mikono na kitambaa. Akaniambia hewa ya tairi ninapima asubuhi kabla haijatembea, nikinyeshewa nipake cheni oili hiyo jioni nisingoje kesho. Na akanionya kwa mdomo wake mwenyewe, ati usikubali fundi akuwekee oili nzito, hizi injini ndogo zinataka 20W-50 na umwage kabla haijakuwa nyeusi tititi. Huyo ndiye mtu alikuwa amejaza oili ya gia mle ndani! Na mimi nimesimama hapo naandika kwa simu kama mwanafunzi. Niambieni, mwizi gani anakufundisha kutunza kitu anachokuibia nacho?

Ya karatasi pia aliipanga. Logbuku, ile hati ya umiliki, ilikuwa kwa plastiki, jina linafanana na kitambulisho chake herufi kwa herufi, nilisoma mara mbili. Ilikuwa ni fotokopi ya rangi. Ile yenyewe, akasema, iko kwa dada yake Nakuru, aliiacha huko wakihama. Nikamwambia wacha niangalie rekodi ya NTSA, wale wa kusajili magari na pikipiki, kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, akasema angalia tu ndugu yangu hakuna shida, lakini leo mtandao umelala, na kweli nilijaribu ikawa inazunguka tu, hiyo simsingizii. Tukakubaliana uhamisho wa umiliki tunafanya wiki ijayo akienda Nakuru. Pesa ndio nikatuma kwa laini ya mama watoto, kwa sababu ati yake Mpesa imejaa haipokei. Nimekaa nikiifikiria hii usiku. Laini ya Mpesa inashika mpaka laki tano. Mtu amejaza laki tano kwa simu anauza pikipiki juu ya karo?

Nikapanda, nikaenda. Mpaka Kisian mambo shwari, nikaanza kupanda kuelekea Maseno ikaanza kukosa nguvu, gia ya pili inalia, kuangalia kioo naona moshi wa bluu umefunika barabara, jamaa wa matatu ananipita ametoa kichwa nje ananiuliza kama ninachoma mahindi. Asubuhi yake imelala baridi, kiki mpaka goti likavimba. Fundi wa pale Luanda akafungua nati ya chini ya injini, oili badala ya kumwagika ikashuka polepole kama asali. Akaichovya kidole, akainusa, akaniangalia tu. Kumbe ukitia oili nzito hivyo kelele za ndani zinapungua, moshi nao unajizuia kwa muda, mpaka injini ipate joto sawasawa na ipewe mlima. Ringi za pistoni zimeisha, silinda imekwaruzwa. Halafu akatoa kiti akute waya zimekatwa na kuviringwa tepu nyeusi, akanyamaza kidogo, akasema mdosi, hii ilikuwa na traka, kile kidude cha kuonyesha pikipiki iko wapi.

Kutoka hapo hata sikupata nafasi ya kulalamika kuhusu injini, kwa sababu wiki haikuisha watu wa kampuni ya mkopo wakanikuta na karatasi zao. Traka ilikuwa imekatwa sawa, lakini ile picha yangu, hiyo hiyo mlikuwa mnalaiki, namba ya pleti inasomeka vizuri kabisa. Rekodi inasema pikipiki ni ya kampuni pamoja na kijana mmoja aliyekopa akaacha kulipa, hata yeye wanamtafuta. Huyo mzee hayuko popote kwa hizo karatasi. Wakaibeba kwa pikapu watu wote wakiangalia, mama wa kuuza ndizi akaniuliza mwalimu umeiba pikipiki? Mimi! Nikipiga simu, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nikarudi Kondele kwa ile nyumba nikakuta kufuli, majirani wanasema walikuwa wapangaji tu na walihama usiku. Wale watoto waliosalimia kwa mkono sijui walikuwa wa nani.

Huyu mtu sitaki apigwe, msinielewe vibaya, nataka apelekwe jela ya Kodiaga. Alale huko, na hiyo Boxer wampelekee, kila asubuhi aipige kiki ikiwa baridi mpaka iwake, na akimaliza arudie. Arudishe pesa yote na juu yake alipe fundi. Chai nitamlipa mimi, mandazi pia, sitaki deni lake. Na huyo mama wa laini ya Mpesa asijifanye hajui kitu, wakimkamata mmoja wachukue wote wawili, kwa sababu hawa ndio wanafanya mtu maskini mwenye kuuza pikipiki yake halali anaonekana mwizi.

Kwa wale bado mnatafuta, sijui nisemeje, fika bila kusema saa, na ukipata injini iko moto rudi nyumbani ama ungoje ipoe kabisa ndio iwashwe. Rekodi kwa eCitizen ni shilingi 550, mtandao ukilala na wewe lala, pesa isitoke. Logbuku ya kopi sio logbuku. Namba ya chasisi, ile imegongwa kwa chuma, iko pale shingoni chini ya usukani, yangu ilikuwa imepakwa grisi nikaona ni mtu msafi wa kutunza chuma. Kiti fungua uone kama kuna waya zimekatwa. Uhamisho mwenye pikipiki ndio anauanzisha kwa akaunti yake, wewe unakubali kwa yako, ufanyike mkiwa mmekaa hapo pamoja, sio wiki ijayo. Na pesa iende kwa jina lenye liko kwa kitambulisho. Kuna mengine hata nimesahau.

Jina na namba yake siweki hapa, afisa aliyeandika OB yangu, ile ripoti ya polisi, ameniambia nikianika kila kitu atazima laini zote apotee. Lakini nimeshapata wawili walionunua kwa huyo huyo, mmoja wa Ahero na mmoja wa Mbale, na wote walikunywa hiyo chai. Kama na wewe ulikalishwa ukafundishwa cheni kwa vidole viwili, nitumie ujumbe leo. Jumatatu asubuhi tunaenda kituoni pamoja kuandikisha taarifa, beba ujumbe wa Mpesa usiufute, na kama bado uko na ile fotokopi ya logbuku ibebe ndani ya plastiki yake hivyo hivyo.