"Mwambie Mumeo Akununulie Nyingine": Uzoefu Wangu na Duka la Kompyuta Mtwara Mjini

Nyota moja, tena ya kulazimishwa. Duka silitaji jina. Liko hapa Mtwara mjini, wanauza kompyuta za mtumba, wanauza chaja, wanatengeneza. Nilipeleka laptop ya Dell Latitude yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita kwa tatizo moja tu: video ya dakika 40 ya sherehe ya mwali, ambayo kwa kawaida inamaliza kurenda (yaani kompyuta kuichakata video uliyohariri na kuitoa faili moja) ndani ya saa moja, ilikuwa inavuka saa tatu. Fundi hakuiwasha. Aliigeuza, akasoma stika ya chini, akasema kwa sauti wateja wote wasikie: "Dada, hii imeshazeeka. Mambo ya video siyo yake. Mwambie mumeo akununulie nyingine."

Hata hivyo niliwaachia waitengeneze. Haya, tuongee kuhusu huo uzee.

Kompyuta haizeeki kati ya Jumapili na Jumatano. Ikiwa juzi ilirenda vizuri na leo kasi imeanguka mara tatu au nne, kuna kitu kimeibana, na kukijua hakuhitaji hata bisibisi. Weka video irende, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, chagua CPU (ndiyo prosesa, ubongo wa kompyuta), soma palipoandikwa Speed. Prosesa kama hii ikiwa kazini inatakiwa icheze kati ya GHz 2.4 na 3. Yangu ilikuwa imeganda kwenye 0.79. Imeganda, haipandi wala haishuki, tangu sekunde ya kwanza. Hapo fundi anayejua kazi angeshapata jibu, kwa sababu joto halina tabia hiyo. Kompyuta yenye joto inaanza vizuri, inakimbia dakika mbili tatu, ndipo inaporomoka, inapoa kidogo, inapanda tena. Inayoganda chini moja kwa moja, angalia umeme.

Na umeme wenyewe ulitoka dukani kwao! Chaja niliinunua hapo hapo wiki chache kabla, "ofa", elfu 25, boksi limeandikwa orijino.

Kwa wasiojua: chaja ya Latitude za aina hii ina pini nyembamba katikati ya mdomo. Ile pini haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Inabeba taarifa. Ndani ya adapta, kile kiboksi cha chaja, kuna chipu ndogo inayoiambia kompyuta "mimi ni Dell, wati 65" au "wati 90". Chipu isipokuwepo, au waya wake mwembamba ukikatika shingoni karibu na mdomo (na hukatika sana, maana tunazungushia waya kwenye adapta kama kamba ya mbuzi), kompyuta inajihami: inawaka kama kawaida, lakini betri haichaji na prosesa inabanwa chini kabisa ili isivute umeme mwingi kwenye adapta isiyoijua. Kuandika barua hutaona tofauti kubwa. Kurenda ndiko kunakoumbua.

Vipimo ni viwili, na vyote ni bure. Cha kwanza: ukiwa na betri yenye chaji, chomoa chaja huku video inarenda. Speed ikiruka kutoka 0.79 hadi 2 na kitu, mchawi umempata. Cha pili: zima, washa, gonga F2 nembo ya Dell inapotokea (inafungua mipangilio ya msingi ya kompyuta), ingia General halafu Battery Information. Hapo inaandika adapta iliyochomekwa ni ya wati ngapi. Ikishindwa kuitambua, ndiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Kompyuta yenye chaja isiyotambulika, kila unapoiwasha, inatoa onyo la maandishi kwamba aina ya adapta haijulikani. Yangu ilikuwa inatoa onyo hilo kabla sijaipeleka, nami nililipita kwa haraka, hilo ni kosa langu, nakubali. Iliporudi, onyo halipo. Nikafurahi. Nikaweka harusi ya watu ya Mikindani irende, nikakuta mwendo ni ule ule wa kobe. Nikaingia F2, kwenye POST Behavior kuna mstari unaitwa Adapter Warnings. Tiki imeondolewa. Tiki ile haijiondoi yenyewe. Mtu aliingia, akaliona onyo, akajua maana yake, akalinyamazisha, kisha akanitoza pesa ya "kurekebisha mfumo". Kwa hiyo walijua. Mwambie mumeo, eti!

Na waliyoyafanya humo ndani? Kwanza wakaniuzia SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Sisemi SSD ni mbaya: Windows inafunguka haraka, programu inafunguka haraka, kutafuta vipande kwenye folda ni raha. Ila kusema itaharakisha kurenda ni kumdanganya mteja. Piga hesabu: video ya simu ya 1080p kwa kawaida ni megabiti 17 hivi kwa sekunde, yaani kama megabaiti 2. Hadi diski kuukuu inayozunguka inasoma megabaiti 80 kwa sekunde bila kutoa jasho. Diski ilikuwa imekaa inaisubiri prosesa. Ukimpa mpishi mmoja aliyefungwa mikono vijakazi kumi wa kumletea nazi, wali hautaiva mapema.

Pili wakapiga Windows upya, hapo ndipo walipoharibu hata kilichokuwa kizima. Prosesa za Intel za kizazi hiki zina sehemu maalum ya kutengeneza video, inaitwa Quick Sync. Ukiitumia, kazi ya kukandamiza picha inaondoka kwenye mabega ya prosesa. Lakini inahitaji drava ya Intel, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia. Wao waliweka Windows bila intaneti, wakaishia hapo. Fungua Device Manager, angalia Display adapters: kama imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter badala ya Intel HD Graphics, Quick Sync haipo, na hata kucheza video kunakuwa kwa kukwamakwama. Dawa ni kushusha drava ya modeli yako kutoka tovuti ya Dell, au kuunganisha intaneti na kuiacha Windows Update iitafute. Kisha kwenye Shotcut, programu ya kuhariri video, dirisha la Export, weka tiki kwenye Use hardware encoder, bonyeza Configure uhakikishe ile yenye neno qsv imechaguliwa. Kwenye HandBrake, programu ya kubadili na kukandamiza video, chini ya Video, chagua H.264 Intel QSV.

Tahadhari hapa, maana wengi hudhani Quick Sync ni muujiza. Inasaidia hatua ya mwisho tu. Kama umejaza vichujio vya kuondoa chengachenga au kutuliza mtikisiko kwenye kila kipande, hizo hesabu zinabaki kwa prosesa na utasubiri tu. Picha zake pia kwa ukubwa ule ule wa faili zinakuwa na ubora pungufu kidogo, hasa watu wakicheza kwenye taa za rangi. Mimi naiongezea bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde) kidogo. Asiyeipenda abaki na x264, njia ya kukandamiza kwa prosesa yenyewe, ashushe preset (kiwango cha kasi) kutoka medium hadi veryfast. Kwa ubora ule ule faili litanenepa kiasi, muda utapungua sana, na bibi harusi hataona tofauti. Video ya kurushwa WhatsApp usiitoe 1080p hata kidogo, 720p inatosha.

Kwa waliokwama na chaja ya namna hii na kazi ni ya kesho: kuna programu ya bure, ThrottleStop. Ondoa tiki ya BD PROCHOT, ile alama inayoiamuru prosesa ipunguze kasi, nayo inafunguka papo hapo. Lakini ni ya kuvukia tu. Alama ile ipo kuilinda mashine, na adapta dhaifu ikivutwa wati isizoziweza inachemka. Iguse adapta kila baada ya dakika kadhaa. Ikikufanya uondoe mkono, simamisha. Ukienda kununua chaja nyingine, nenda na kompyuta yako, chomeka, gonga F2, soma wati, ndipo utoe pesa. Muuzaji akikataa usipime, ondoka. Na kama hata chaja ya kweli haitambuliki, angalia tundu upande wa kompyuta. Kwenye Latitude nyingi tundu lina waya wake linachomolewa, halijachomelewa kwenye bodi, kwa hiyo usikubali kuambiwa bodi imekufa.

Nataka kuwa mkweli kwa jambo moja. Kijana mmoja pale, si huyo wa mumeo, alisafisha feni, na aliisafisha kama inavyotakiwa. Hakupuliza kwa nje tu, maana ukipuliza kwa nje lile zulia la vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba linabaki pale pale. Alifungua, akalitoa zima kama kipande cha sufi, akashika feni kwa kidole lisizungushwe na upepo, akaweka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mchele. Kwa vumbi na chumvi ya hewa yetu ya pwani, kazi hiyo inafaa kila mwaka. Nilipopata chaja halisi, joto wakati wa kurenda halikuvuka nyuzi 78, na mwali wangu wa dakika 40 alitoka kwa dakika 35 kwa Quick Sync. Mashine iliyozeeka, hiyo.

Kwa ajili ya kijana yule nilikuwa nimeamua kuwapa nyota mbili. Hata tatu nilizifikiria.

Leo nimeigeuza kompyuta kuifuta vumbi. Kifuniko cha chini kina skrubu tatu pungufu. Moja inatosha.