Trekta la Zamani Bondeni Ruvu: Tathmini ya Huduma ya Kuvuna kwa Mashine Zilizofufuliwa

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunaolima mpunga Ruvu huku tukisimamia shamba kwa simu tunajua kwamba kupanda ni kazi nyepesi ukilinganisha na kuvuna. Kombaini zikiingia bondeni huanza na wenye mashamba makubwa, na mwenye ekari tatu kama mimi hukaa akisubiri zamu yake mpaka punje zinaanza kupukutika zenyewe. Kwa sababu hiyo, Julai iliyopita nilikodi huduma ya karakana moja ya Vingunguti inayonunua matrekta yaliyotelekezwa, kuyafufua, kisha kuyapeleka mashambani pamoja na wembe wa kufyekea na mashine ya kupura.

Nikiri kwamba nilikwenda na mashaka. Aliyewahi kusikia habari za Mpango wa Karanga wa Kongwa, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 kwa matrekta mengi yaliyokwisha kutumika vitani ukaishia kushindwa, anajua kwamba chuma kikuukuu kikipakwa rangi tu hakigeuki kuwa kipya. Niliomba kwanza nionyeshwe kazi yenyewe karakanani. Nililikuta Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, likiwa limefunguliwa injini yote: silinda tatu za Perkins ziko wazi, ringi mpya zimepangwa juu ya gazeti, na nozeli zimeloweshwa kwenye kopo la dizeli. Fundi alinieleza kwamba vipuri si tatizo, kwa kuwa viwanda vya India na Pakistani viliendelea kuunda matrekta ya ukoo huohuo kwa miaka mingi, na kwamba vingi huvipata bila kuvuka Gerezani, mtaa wa maduka ya vipuri hapa jijini. Hapo nililipa arubuni.

Walifika shambani siku mbili baada ya tarehe tuliyopatana, kosa ambalo kwa mpunga si dogo. Unapoona punje nane katika kila kumi zimegeuka rangi ya dhahabu, hiyo ndiyo saa yake, na kila siku inayopita baada ya hapo unailipa kwa punje zinazobaki chini. Maelezo niliyopewa yalikuwa kwamba lori la kubebea trekta lilikuwa safarini kwingine. Sikuyakataa, ila wangenipigia simu mapema ningetafuta vibarua.

Ufyekaji ulinipa picha mbili tofauti. Katika ekari mbili za SARO 5, mbegu ya mpunga ambayo ni fupi na iliyosimama wima, wembe uliofungwa ubavuni ulikata vizuri na kulaza mabua kwa mstari, na uzito mdogo wa trekta ukawa faida, maana lilipita penye unyevu ambapo kombaini ingezama. Humo ndimo nilimoelewa kwa nini mafundi wanaipenda klachi ya trekta hili. Ukiikanyaga nusu, magurudumu yanasimama lakini shafti ya nyuma, inayoendesha wembe, inaendelea kuzunguka. Ukiikanyaga mpaka chini, vyote vinasimama. Mabua yalipoujaza wembe, dereva alikanyaga nusu, wembe ukaendelea kuchezacheza mpaka ukajisafisha, naye akaendelea bila kushuka. Katika ekari ya mbegu ya Supa, hata hivyo, ambako upepo ulikuwa umeulaza mpunga huku na huku, wembe ulipita juu ya mabua mengine na kuyakata mengine katikati ya suke. Baada ya mizunguko miwili niliwaomba waache, nikaita watu wa mundu. Mwenye Supa iliyolala asipoteze fedha zake kwa wembe huu.

Kupura ndiko kulikonifurahisha, ingawa hakukuanza vizuri. Mashine ni ya kizamani, ngoma yenye meno inayozungushwa kwa mkanda mrefu kutoka kwenye puli iliyofungwa nyuma ya trekta, na ngurumo yake inasikika mpaka barabarani. Gunia la kwanza lilipojaa nilichota kiganja kimoja, nikakuta punje kadhaa zimekwisha vuliwa maganda na nyingine zimekatika. Nilimwonyesha fundi. Hakubishana, alizitawanya punje kiganjani mwake, akazisukuma kwa kidole gumba, kisha akapunguza mafuta ili ngoma ipunguze kasi, akalegeza nati nne na kuushusha kidogo wavu wa chuma ulio chini ya ngoma. Gunia la pili lilitoka safi. Marekebisho hayo yalipaswa kufanywa kabla ya gunia la kwanza, si baada yake, lakini ni mafundi wachache wanaopokea neno la mteja namna hiyo.

Lililonitia hofu ni mkanda ule kukosa kinga. Nilikuwa nimesimama kando yake nikihesabu magunia pale dereva aliponiambia, “Mama, sogea huku mbele, mkanda ukikatika hauchagui mtu.” Onyo lilikuwa jema, lakini mashine iliyofufuliwa kwa uangalifu wote ule haikustahili kuachwa na mkanda wazi, hasa mahali ambapo watoto wa vibarua huja kuokota masuke.

Kuhusu malipo, unalipia lori, unalipia ufyekaji kwa ekari na upuraji kwa gunia. Patana kabisa kuhusu kipimo kabla injini haijawashwa. Mimi nilisisitiza gunia la debe sita lililofungwa sawasawa, bila lumbesa, na hatukuzozana. Dizeli ni yao, chakula cha mafundi ni chako.

Mpunga niliuanika kwenye maturubai kwa siku tatu, nikaupeleka kukobolewa Tandale. Mwenye mashine ya kukobolea aliniuliza nilipuria wapi, kwa sababu chenga zilikuwa chache kuliko za msimu uliopita, nilipopigisha mabua kwenye mapipa. Gunia lile la kwanza nililitenga, na chenga zake zimetosha vitumbua vya nyumba nzima mpaka leo.

Msimu ujao nitawaita tena kwa kupura, na kwa kufyeka SARO 5 peke yake, kwa sharti kwamba kinga ya mkanda iwepo. Wiki iliyopita nilipita Vingunguti kuulizia. Kinga imekwisha kukatwa kutoka kwenye pipa la bluu, kingo zimekunjwa vizuri, lakini bado imeegemezwa ukutani ikisubiri bolti.